Holmes, aliyefichua siri ya miamba inayozama

Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, aliyezaliwa 1890, alichungulia kaburi nchini Msumbiji mnamo 1911. Alikuwa ameenda kusaka madini, malaria ikamlemea hata habari za kifo chake zikatumwa kwao. Alipona.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na kukadiria umri wa miamba kwa kupima urani na risasi. Lakini wazo lake zito lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920: kwamba basalti ya sakafu ya bahari hushuka ardhini, hubanwa ikageuka eklojiti, mwamba mzito zaidi, kisha huzidi kuzama. Wengi walimpuuza, ushahidi, kweli, ulikuwa haba. Ulianza kupatikana miaka ya 1960. Holmes aliaga dunia Septemba 1965.

Leo kemikali za lava za kale huwaonyesha wataalamu sakafu hizo zilikozama.