John Milne, Mtu Aliyeyafungulia Matetemeko Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona hata tetemeko la ardhi ni hivyo hivyo. Kwa hivyo, walimu wetu na wanachama wenzangu, safari hii nawasimulia maisha ya John Milne.

Milne alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 30 Desemba 1850, akasomea miamba na madini. Mwaka 1875 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha uhandisi mjini Tokyo, Japani. Kumbe bwana huyu hakupatana na bahari, kichefuchefu kilimshinda! Basi akapita nchi kavu, Urusi, Siberia na Mongolia hadi Uchina, katika baridi kali. Alifika Tokyo mwaka 1876.

Huko ardhi haikutulia. Baada ya tetemeko la Yokohama la Februari 1880, Milne na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza matetemeko. Yeye pamoja na akina Ewing na Gray walitengeneza sismografu, yaani chombo kinachochora mtikisiko. Lakini vyombo vilikuwa vichache. Afanye nini? Alituma mafungu ya kadi za posta kwa ofisi za serikali mijini, akawaomba wamrudishie kadi moja kila wiki, wakieleza kama wamesikia mtikisiko wowote. Kadi zilirudi, na ramani ikaanza kujaa. Hatimaye alitoa orodha ya matetemeko 8,331 yaliyotokea Japani kati ya 1885 na 1892.

Februari 1895 moto uliteketeza nyumba yake, vyombo na vitabu. Mwingine angekata tamaa. Milne alihamia Shide, katika kisiwa cha Wight, Uingereza, pamoja na mkewe Tone, mzaliwa wa Hakodate, na msaidizi wake Shinobu Hirota. Akaanza upya. Vituo zaidi ya 40 duniani, hata Cape Town na Cairo, vikawa vinamletea habari. Pia alipekua maandishi ya kale, na mwaka 1912 ikachapishwa orodha yake ya matetemeko zaidi ya 4,000 yaliyoleta uharibifu tangu mwaka wa 7 hadi 1899. Aliaga dunia tarehe 31 Julai 1913.

Sasa mtauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Isiolo? Yanatuhusu sana. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, katika Bonde la Ufa, likapasua ardhi kwa kilomita 38 hivi. Mtaalamu Ambraseys alipochapisha uchunguzi wake juu ya tetemeko hilo mwaka 1991, alitegemea taarifa zilizoachwa na watu wa wakati ule. Wasingeandika, angepata wapi? Wahandisi hutumia kumbukumbu kama hizo kukadiria tetemeko kubwa huweza kurudi baada ya muda gani, na nyumba ijengwe imara kiasi gani. Palipokosa mwandishi, orodha huwa tupu, na mtu hudhani ardhi ya pale haijawahi kutikisika. Hapo ndipo penye hatari, maana mji wetu nao unapandisha maghorofa, na vilima vya Nyambene tunavyoviona kila siku ni kazi ya volkano.

Lakini kukosa maandishi si kukosa kumbukumbu. Wazee wa Kiborana huhesabu nyakati kwa gada, kila moja miaka minane, na husimulia mambo yaliyotokea katika kila gada. Wazee wa Kisamburu, Kimeru, Kiturukana na Kisomali nao wana hesabu zao. Likizo hii, tuwaulize babu na nyanya zetu: ardhi ilitikisika lini, wapi, na kilianguka nini? Tuandike yote kwenye daftari na kuyaleta chamani.

Milne alianza na kadi za posta tu. Sisi hatukosi kalamu.