Oldfield Thomas, Mwingereza aliyepima panya wa Andes kwa milimita

Nguruwe mkubwa mweusi wa misituni, anayeishi Ituri na Virunga, alipata jina lake la kisayansi mwaka wa 1904, kutokana na mabaki yaliyotoka Kenya. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya kindi mmoja wa milima ya Rwenzori. Wote wawili walipewa majina na mtu mmoja, Oldfield Thomas wa London. Lakini kazi iliyomchukulia muda mwingi ilikuwa mbali na huku: panya wadogo wa Amerika ya Kusini.

Thomas alizaliwa tarehe 21 Februari 1858 huko Millbrook, Bedfordshire. Mwaka wa 1876 aliingia katika Makumbusho ya Uingereza kama karani, na miaka miwili baadaye akahamishiwa idara ya wanyama. Hakutoka tena. Hadi kifo chake alikuwa ameeleza takriban aina 2,000 mpya za wanyama wanaonyonyesha, tukihesabu na aina ndogo.

Panya wa Andes ni kazi ngumu. Wawili wanaweza kufanana kwa rangi na ukubwa, kumbe ni aina tofauti. Ndiyo maana waliotumwa kuwakamata walipima urefu wa mwili na kichwa, mkia, mguu wa nyuma na sikio kabla ya kumchuna mnyama, kwa sababu ngozi ikikauka haiaminiki tena. Vipimo viliandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa mguuni. London, Thomas alipima fuvu: urefu wake, upana wa mifupa ya mashavu, matundu ya kaakaa, mstari wa magego. Hata mguu ulileta shida. Waingereza waliupima bila kucha, Wamarekani pamoja na kucha, na asiyejua hilo angeweza kuona tofauti pasipo na tofauti.

Kazi hiyo ilihitaji pesa. Mwaka wa 1891 Thomas alimwoa Mary Kane Clark, binti wa daktari Sir Andrew Clark, na mali ya mke huyo ndiyo iliyosaidia kulipa wakusanyaji. Mmoja wao, Mmarekani Perry Simons, alizunguka Ecuador, Peru na Bolivia, kisha mwaka wa 1901 akauawa huko Andes na mtu aliyekuwa akimwongoza njia. Mwingine, Emilio Budin wa Argentina, alipeleka wanyama wengi London, na Thomas alimpa jina lake panya-fuko mmoja, Ctenomys budini. Wanakijiji waliotega mitego hawakupata bahati hiyo.

Wapo waliomlaumu, na lawama hiyo ina ukweli. Mara nyingine alitangaza aina mpya akiwa na fuvu moja au mawili tu mkononi, na majina mengi aliyotoa yalifutwa baadaye. Mengine, hata hivyo, yalirudishwa wataalamu walipoanza kulinganisha chembe za urithi.

Alistaafu mwaka wa 1923 lakini akaendelea kwenda kazini kama kawaida. Kifo cha mke wake kilimvunja moyo. Mwaka mmoja hivi baadaye, tarehe 16 Juni 1929, alijiua nyumbani kwake akiwa na miaka 71. Uvumi kwamba alifia kwenye meza yake ya makumbusho si kweli.

Mwaka wa 1913 alikuwa ameeleza panya mdogo kutoka Maimará, mkoa wa Jujuy, kaskazini mwa Argentina, ambaye leo anaitwa Calomys musculinus. Mnamo miaka ya 1950 homa ya kutokwa damu iliua wafanyakazi wa mashamba ya mahindi katika nyanda za Argentina, na virusi vyake, vinavyoitwa Junín, vilitambuliwa mwaka wa 1958. Ilipotafutwa asili yake, panya huyo wa Thomas ndiye aliyeonekana kuvibeba zaidi. Mashambani humo anaishi pia ndugu yake, Calomys laucha, na kuwatofautisha kwa macho tu si rahisi.