John Carrington, mmisionari aliyejifunza kusikia ngoma zikisema

BUNIA – Katika lugha ya Walokele, watu wa mto Congo chini kidogo ya Kisangani, neno lisaka lina maana tatu. Likitamkwa kwa sauti ya chini kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni dimbwi la maji. Sauti ikipanda kwenye silabi ya mwisho, ni ahadi. Ikipanda kwenye silabi mbili za mwisho, ni sumu. Herufi ni zile zile. Kinachobadilika ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Mtu aliyelifanya jambo hilo lijulikane mbali na Congo ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefariki mwaka 1992.

Carrington alizaliwa mwaka 1914 katika wilaya ya Northamptonshire, Uingereza. Mwaka 1938, akiwa na miaka 24, shirika la wamisionari Wabaptisti lilimtuma Congo, wakati huo koloni la Ubelgiji. Alianzia kazi Yakusu, karibu na Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville. Kwa miaka mingi sehemu hiyo na Ituri zilikuwa katika Jimbo moja la Mashariki, mpaka lilipogawanywa mwaka 2015. Leo Yakusu iko katika jimbo la Tshopo.

Akiwa bado mgeni, siku moja alikata shauri la ghafla kwenda Yaongama, katika msitu wa Wambole. Hakutuma mtu kutoa habari. Alipofika, alimkuta mwalimu, msaidizi wa mganga na waumini wa kanisa wamekwisha kukusanyika wakimngoja. Walimweleza kwamba ngoma ndiyo iliyowaambia.

Wazungu wengi waliomtangulia walifikiri ngoma hizo zilitumia alama za siri, kama telegrafu ambayo kila herufi ina mapigo yake. Carrington alikaa na wapigaji, akajifunza Kilokele, na akagundua kwamba hakukuwa na siri yoyote. Ngoma ilikuwa inasema lugha yenyewe.

Ngoma hiyo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kilingala, lokole, haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu. Ukipiga upande mmoja wa ufa, hutoka sauti ya juu. Ukipiga upande wa pili, sauti ya chini. Haiwezi kutamka irabu wala konsonanti. Inachukua toni za maneno peke yake, na mtu aliye mbali hutambua ujumbe kwa toni hizo.

Lakini maneno mengi yana toni zinazofanana. Songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, yote yana sauti mbili za juu. Msikilizaji atajuaje ni lipi? Wazee walipata dawa ya tatizo hilo zamani sana: neno halipigwi peke yake. Mwezi hupigwa kama mwezi unaoitazama dunia kutoka juu, na kuku kama kuku mdogo anayelia kiokio. Carrington alihesabu kwamba neno moja la kinywani lilihitaji karibu maneno manane kwenye ngoma. Wageni waliona ni maneno mengi ya bure, kumbe ndiyo yaliyozuia ujumbe usipotee njiani.

Mwaka 1949 alitoa kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema za Afrika. Mwaka mmoja kabla yake, mwanahisabati Claude Shannon wa maabara ya Bell, Marekani, alikuwa ameonyesha kwa hesabu jambo la aina hiyo hiyo: ujumbe unaopita mahali penye kelele huokolewa na maneno ya ziada. Wapigaji wa mto Congo walikuwa wakilitumia kila siku.

Carrington aliwaonya pia wageni waliojifunza lugha kwa herufi peke yake. Maneno alambaka boili, yakipewa toni moja, husema kwamba mtu alitazama ukingo wa mto. Toni zikikosewa, husema kwamba alimpika mama mkwe wake. Mhubiri asiyesikia toni angeweza kuwashangaza watu kanisani bila kujua kwa nini.

Wenyeji walimpenda, wakawa na maelezo yao juu yake. Walisema alikuwa mtu wa kijiji chao aliyekufa, na mizimu ikakosea ikampeleka kuzaliwa kwa mama wa kizungu. Kama alipiga ngoma kwa kusitasita, kosa lilikuwa la malezi aliyopewa na Wazungu. Miaka ya 1950, alipokuwa akiongoza shule ya misheni huko Yalemba, mke wake alimwita kwa ngoma kutoka msituni chakula cha mchana kikiwa tayari.

Hata wakati huo Carrington aliona kwamba vijana waliokwenda shule hawakujifunza tena kupiga, na wengine hawakujua jina lao la ngoma.

Jambo hilo linatugusa hapa Bunia. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo tu, kama unaotenganisha barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Lakini Kilendu, Kibira, Kialur na Kilugbara ni lugha za toni. Mtoto anayekulia mjini kwa Kiswahili na Kifaransa anaweza kuyajua maneno ya bibi yake na bado asiisikie tofauti kati yao. Na anayeandika lugha hizo kwenye simu bila alama za toni humwachia msomaji kazi ya kukisia.

Carrington hakuwa na simu ya kurekodi sauti. Alitumia sikio, daftari na miaka mingi ya kukaa na wazee. Familia nyingi za Bunia zina simu hiyo leo. Mzee akirekodiwa anaposimulia, toni zake hubaki pamoja na maneno.