Daktari Denis Burkitt

Daktari huyu mpasuaji alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Uganda, aliona watoto waliovimba taya kwa saratani. Kisu hakikuwaponya. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, wakiuliza ugonjwa ule uko wapi. Nyanda za juu zenye baridi, kama zetu za Makambako, ulikuwa nadra. Baadaye wataalamu walitambua kuwa malaria na kirusi huchangia. Ndani ya seli, kipande cha kromosomu ya 8 huhama, na seli huzaana bila kukoma. Alifariki mwaka 1993. Nami nikiwa daktari, nitaanza kwa kuuliza.