Padre Ferrante Aporti: Msimamizi wa Shule Aliyewakumbuka Wadogo



Mapadre wengi wamekabidhiwa shule, na wengi wetu tunaosoma seminarini tutakabidhiwa siku moja. Mara nyingi jicho la msimamizi hukimbilia darasa la mtihani, kwa sababu matokeo yake hubandikwa ukutani na kila mtu huyasoma. Chekechea hubaki kando, na mwalimu mmoja na posho ndogo. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya Padre Ferrante Aporti, aliyetenda kinyume cha mazoea hayo.

Alizaliwa mwaka 1791 San Martino dell'Argine, kijiji cha kaskazini mwa Italia. Alipata upadre mwaka 1815, akaendelea na masomo Vienna, kisha akarudi Cremona kufundisha seminarini. Wakati ule Cremona ilikuwa chini ya Austria, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 serikali ilimpa kazi ya kusimamia shule za msingi. Alipozitembelea aliona jambo lililomsumbua: watoto walifika darasa la kwanza wakiwa wamekwisha kuumia. Mama zao walishinda vibaruani na viwandani, nao walishinda mitaani bila mlezi wala chakula. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini hawa hakuna aliyekuwa akiwashika mkono katika miaka yao ya mwanzo.

Sheria haikumdai lolote kuhusu watoto hao. Angeweza kusema kazi yake inaanzia darasa la kwanza. Badala yake alisoma kitabu cha Mwingereza Samuel Wilderspin kuhusu shule za watoto wadogo, na kufikia mwaka 1829 alikuwa amefungua ya kwanza Cremona. Ilianza na watoto wa familia zilizoweza kulipa ada, lakini haukupita muda mrefu akafungua nyingine ya bure kwa maskini, iliyotegemea sadaka za watu wenye moyo. Watoto walisali, waliimba, walicheza, walijifunza majina ya vitu na kuhesabu, nao maskini walipewa supu. Mwaka 1833 alitoa kitabu cha mwongozo kwa walimu, maana alijua kwamba mwalimu wa wadogo naye anahitaji kufundishwa.

Shule hizo zilienea Lombardia, Toscana na kwingineko, na upinzani ukaja pamoja nazo. Wapo walioogopa kwamba mtoto ananyang'anywa mama yake. Wengine walitia shaka kwa sababu wazo lilitoka Uingereza ya Kiprotestanti, na kwa sababu wapenda mageuzi ya siasa walilishangilia. Katika Dola ya Papa shule hizo zilikatazwa kwa muda. Mwaka 1844 Mfalme Carlo Alberto alimwalika Torino kuwafundisha walimu. Askofu Mkuu Luigi Fransoni alipinga, ila masomo yalifanyika. Baada ya misukosuko ya mwaka 1848 Aporti alihamia Piemonte. Mfalme alimpendekeza awe Askofu Mkuu wa Genova, lakini Roma haikumthibitisha. Alifanywa seneta, akaendelea kushughulikia elimu hadi alipofariki Torino mwaka 1858.

Hatumsimulii kama mtu asiye na kasoro. Waelimishaji waliomfuata, kama dada wawili Rosa na Carolina Agazzi, waliona kwamba shule za namna yake zilifanana mno na darasa la wakubwa: kukariri kwingi, mchezo wa huru kidogo. Onyo hilo linatuhusu hata leo, tunapowapima watoto wa miaka minne kwa mitihani ili tuwafurahishe wazazi. Lakini hao waliosahihisha njia yake walikuta mlango umekwisha kufunguliwa, na aliyeufungua ni yeye.

Tunajifunza nini? Aporti hakuketi yeye mwenyewe na watoto kutwa nzima. Hiyo ilikuwa kazi ya walimu. Kazi yake ilikuwa ile ambayo kiongozi peke yake anaweza kuifanya: kutafuta fedha, kuandaa walimu, kuhakikisha mtoto amekula, na kusimama mbele ya wakubwa walipouliza kwa nini nguvu nyingi hivyo zinapotelea kwa wadogo. Alilipa gharama yake bila kuacha upadre wala watoto.

Kwenye parokia zetu nyingi chekechea ipo, na masista na walimu wanaihudumia kwa moyo. Paroko, mkuu wa shule na halmashauri ya walei wakikutana kupanga bajeti, waanze basi kwa kuuliza: mwalimu wa wadogo amelipwa? Uji upo? Yesu alipowaita watoto wadogo waje kwake, hakuweka sharti kwamba kwanza wafaulu mtihani.