Don Guanella na wale aliowaita watoto wema



Leo nawaletea mtakatifu ambaye huku kwetu hatajwi sana, ila mimi namwomba tangu nilipokuwa nasoma falsafa seminarini. Ni Mtakatifu Luigi Guanella, padre Mwitalia.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1842 huko Fraciscio, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, mtoto wa 9 kati ya 13. Alipata upadre mwaka 1866. Mwaka 1875 alikwenda Torino kwa Don Bosco, akafanya naye kazi miaka mitatu. Alitamani kubaki, lakini askofu wake akamwita arudi jimboni. Akatii. Mwaka 1881 alifika Pianello, kando ya Ziwa Como, akakuta nyumba ndogo ya yatima na wazee. Kazi ile ikakua, na mwaka 1886 ikahamia mjini Como. Hapo ndipo yalipotokea mashirika yake mawili, la masista na la mapadre.

Nyumba zake zilipokea maskini wa kila aina, lakini wenye ulemavu wa akili walikuwa na nafasi ya pekee moyoni mwake. Zama zile wengi wao walifichwa nyumbani au kufungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Yeye aliwaita watoto wema. Na hakuishia kwenye jina. Karibu na mwaka 1900 alikwenda nao Pian di Spagna, eneo la kinamasi ambalo halikuwa na faida kwa mtu. Wakachimba mifereji, wakalima, pakawa shamba. Wale walioonekana mzigo wakawa wanakula jasho lao, wakisali na kula pamoja kama familia.

Sasa niseme kidogo kama mwanafalsafa, mnivumilie. Boethius alifundisha kwamba nafsi ni kiumbe kimoja chenye asili ya kiakili. Kuna watu wanaligeuza hili: eti asiyeweza kufikiri vizuri ni mtu nusu. Hapana! Boethius anazungumzia asili, si alama za darasani. Wewe ukilala usingizi hufikiri chochote, je, unaacha kuwa mtu? Don Guanella aliliishi jambo hili kwa jembe na sahani ya chakula.

Hebu tuangalie parokiani kwetu. Yupo mama anayekaa nje ya kanisa Misa nzima kwa sababu mwanae mwenye usonji anapiga kelele na watu wanageuka kumwangalia. Yupo kijana wa miaka 17 ambaye hajapokea Komunyo ya kwanza kwa kuwa hawezi kukariri maswali ya katekisimu. Papa Pio wa Kumi, aliyekuwa rafiki wa Don Guanella, alitoa mwongozo mwaka 1910: inatosha mtoto ajue mafumbo makuu kadiri ya uwezo wake, na atofautishe Ekaristi na mkate wa kawaida. Na Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu. Kwa hiyo si suala la huruma tu, ni haki yao ya ubatizo.

Sisi vijana tunaweza kuanza. Jumapili hii msogelee yule mama, mbebee begi, kaa naye benchi moja. Mtafute yule kijana, mjifunze pamoja Ishara ya Msalaba taratibu. Mwulize katekista kama anaweza kuandaliwa kwa namna yake.

Januari 1915, akiwa na miaka 72, Don Guanella alikuwa bado anakimbilia wahanga wa tetemeko la ardhi la Marsica. Alifariki Como tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 2011.

Mtakatifu Luigi Guanella, utuombee!