Kwa nini dozi ya insulini hupanda mtoto anapobalehe

Mtoto mwenye kisukari akifika miaka 12 au 13, mara nyingi dozi yake ya insulini hupanda. Wazazi wengi huku Tanga huingiwa na hofu. Wanadhani mtoto amezoea dawa, au ugonjwa umezidi. Wapo wanaosimamisha sindano na kujaribu mitishamba. Ili tuone hatari ya uamuzi huo, leo tuangalie maisha ya daktari ambaye kazi yake ndiyo inayowaweka hai watoto hawa, Frederick Banting.

Banting alizaliwa Novemba 14, 1891 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Alliston, Kanada. Alimaliza udaktari Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1916, akaenda vitani Ulaya, na mwaka 1918 akajeruhiwa mkono. Aliporudi alifungua zahanati mjini London, jimbo la Ontario, lakini wagonjwa walikuwa wachache mno, ikabidi afundishe chuoni apate cha kuongezea.

Enzi hizo kisukari cha utotoni hakikuwa na tiba. Madaktari walimnyima mtoto chakula ili sukari ishuke, naye akaishi muda mfupi zaidi akiwa amebaki mifupa. Ilijulikana tayari kwamba ndani ya kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, kuna vikundi vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans, na kwamba mnyama akiondolewa kongosho hupata kisukari. Kilichoshindikana ni kuitoa dawa hiyo ikiwa salama.

Usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba 1920, akijiandaa kufundisha, Banting alisoma makala kuhusu kongosho, akapata wazo la namna ya kuitoa. Profesa Macleod wa Toronto alimpa maabara, mbwa wa majaribio na mwanafunzi mmoja, Charles Best. Walianza Mei 1921. Baada ya miezi michache waliweza kushusha sukari ya mbwa wagonjwa, kisha mtaalamu wa kemia, James Collip, akajiunga nao kuisafisha dawa.

Januari 11, 1922 walimchoma sindano kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Dawa haikuwa safi, ikamwotesha jipu. Januari 23 alipewa iliyosafishwa na Collip. Sukari ilishuka na nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi, akitegemea sindano hizo.

Mwaka 1923 haki ya uvumbuzi huo ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mvumbuzi. Mwaka huohuo Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting aligawana fedha zake na Best, Macleod akagawana na Collip. Banting alifariki Februari 21, 1941 kutokana na ajali ya ndege, akiwa na miaka 49. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa kila tarehe aliyozaliwa.

Sasa turudi kwenye dozi. Mtoto anapobalehe, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi. Homoni hiyo humrefusha, lakini pia hupunguza nguvu ya insulini mwilini. Bernardo Houssay wa Argentina, aliyeonyesha kwamba tezi hiyo hupingana na insulini, alipata Nobel mwaka 1947. Kwa mtoto asiye na kisukari, seli za kongosho huitikia kwa kumwaga insulini zaidi, kwa hiyo sukari haipandi. Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, seli hizo zimeshaharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Hakuna cha kuitikia, hivyo nyongeza lazima itoke kwenye sindano. Kubalehe kukiisha, mara nyingi dozi hushuka tena.

Kwa hiyo mzazi, dozi kupanda ni dalili kwamba mwanao anakua. Usiipunguze wala kuisimamisha bila daktari, hata siku ambayo mtoto hali vizuri. Akitapika, akipumua kwa kasi au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva sana, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Kwa joto la pwani yetu, asiye na friji atunze insulini kwenye chombo kilichofungwa vizuri ndani ya mtungi wa udongo wenye maji au mchanga mbichi, kivulini.

Na kama mtoto ambaye hajawahi kupimwa ana kiu isiyoisha, anakojoa sana, ameanza tena kukojoa kitandani na anakonda, usiishie kwenye kipimo cha malaria. Omba apimwe na sukari siku hiyohiyo, iwe Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe.